Gauni Lililovuka Daraja

Sehemu ya saba

Barua zenu nimezisoma. Kuna mama mmoja ameniandikia kwamba kwa ajili yangu ameunguza maharage, na kuna bwana mmoja ametishia kuhamia gazeti jingine. Tulieni. Nohemí Baeza bado yuko pale pale nilipomwacha: kwenye dirisha la afisa, upande wa El Paso wa daraja, saa moja kasorobo asubuhi, amevaa gauni la harusi ambalo si lake, na afisa amemuuliza swali moja dogo tu.

"Bwana harusi yuko wapi?"

Aliyechelewa kuingia kwenye hadithi asogezewe kiti. Nohemí analala Juárez, upande wa Meksiko, na kushona El Paso, upande wa Marekani, kama sisi maelfu tunaoamshwa na jogoo wa nchi moja na kugombezwa na bosi wa nchi nyingine. Kadi yake ya kuvukia hupewa mtu mwenye kazi ng'ambo. Kazi ikiisha, kadi nayo inaanza kufa. Na kazi yake, kwenye duka la magauni la Doña Elvira Montes, ina sheria moja iliyobandikwa ukutani: gauni halitoki dukani. Anayelitoa, anatoka nalo moja kwa moja.

Nohemí ameyatoa kwa miaka miwili.

Si mwizi. Ila zile shanga zinazowaliza mabibi harusi mbele ya kioo, hazishoni yeye. Anazishona mama yake, Doña Lala, jikoni kwao Juárez, na Doña Elvira hajui. Siku zote Nohemí huvuka na kola, au mkono mmoja wa gauni, umekunjwa chini ya chakula cha mchana. Safari hii mteja alitaka shanga kutoka shingoni hadi mkiani, na gauni lenye mkia wa mita mbili halikunjiki chini ya chapati ya burrito. Na likibebwa kwenye mfuko, jipya hivyo, linaitwa bidhaa, na bidhaa huulizwa risiti. Basi akafanya kile ambacho sote tumewahi kufanya tukirudi nyumbani na viatu vipya au jinzi tatu. Alilivaa.

Mwenye gauni, Marisela, atakuwa dukani saa tatu kamili kulijaribu. Harusi yake ni Jumamosi. Leo ni Jumatano.

Sasa turudi dirishani.

"Binti," alisema afisa, "nimeuliza bwana harusi yuko wapi."

"Niko hapa," ilisema sauti nyuma yake.

Nohemí aligeuka pamoja na foleni nzima. Aliyesema alikuwa kijana mwembamba, mrefu, ana kofia ngumu kwapani na mabuti yaliyoganda lami. Nohemí aliijua sura ile kama unavyojua mlango wa jirani: unaupita kila siku na hujawahi kuubisha. Jina lake hakulijua kabisa.

Mimi nalijua, na ninyi nawapa bure. Anaitwa Gumaro Lerma, fundi wa mapaa.

Afisa Terrazas ana miaka ishirini kwenye dirisha lile. Alimtazama Gumaro kuanzia juu, akashuka taratibu, akafika kwenye mabuti na kukaa hapo.

"Wewe ndiye unaoa."

"Ndiyo, afisa."

"Na hayo mabuti?"

"Suti iko kwa binamu yangu, mitaa mitatu kutoka hapa. Niliogopa kuvuka nayo na upepo huu. Vumbi."

"Bibi harusi mbona hakuogopa vumbi?"

"Huyu haogopi kitu. Ndiyo maana namuoa."

Nyuma kulikuwa na mtu aliyecheka, akajifanya anakohoa. Afisa hakucheka. Aliweka kadi ya Nohemí mezani na kuifunika kwa kiganja chake. Nohemí akiulizwa, angeapa kwamba hajasema uongo. Aliulizwa anakwenda wapi, akajibu kuna harusi. Harusi ipo. Hakuna aliyemuuliza ya nani.

"Nitamuuliza kila mtu peke yake," alisema afisa. "Binti, ziba masikio."

Nohemí akaziba. Aliziba vibaya, kama ambavyo ungeziba wewe.

"Anaitwa nani?" afisa alimuuliza Gumaro.

"Nohemí." Hilo lilikuwa rahisi, mama muuza burrito huliita jina hilo kila asubuhi kabla ya daraja.

"Kazi yake?"

"Anashona. Hata foleni ikisimama, anapinda mapindo hapo hapo, halafu sindano anaichomeka kwenye ukosi wa koti. Siku moja itamchoma shingoni. Nimetaka kumwambia mara nyingi."

"Asubuhi anakula nini?"

"Nusu burrito ya maharage na jibini. Nusu nyingine anampa yule mzee anayepiga gitaa darajani, anamwambia ameshiba." Gumaro alikuna kidevu. "Hajashiba, afisa. Akifika katikati ya daraja huwa analamba vidole."

Nohemí aliona aibu, na chini ya aibu kulikuwa na kitu kingine chenye joto ambacho hakuwa na nafasi ya kukishughulikia. Kwa miaka minne alidhani anaisubiri foleni ile peke yake.

"Toa mikono masikioni," alisema afisa. "Wewe mwanamume, ziba. Haya. Bwana wako anaitwa nani?"

Hapo ndipo dada yetu alipokwama.

Alimtazama Gumaro. Kwenye koti lake hakuna jina. Kwenye kofia hakuna jina. Foleni yote ilimsubiri, na mama mmoja aliyekuwa nyuma yao alianza kusali kwa sauti ya chini.

"Mimi namwita Bonge," alisema Nohemí.

"Bonge?"

"Bonge."

"Huyu?" Afisa alimtazama tena Gumaro, ambaye akisimama ubavu unaweza usimwone. "Huyu ana ubonge gani?"

"Mapenzi hayana mizani, afisa. Wewe mkeo nyumbani anakuitaje?"

Afisa Terrazas alirekebisha ukosi wa shati lake. Ni mtu mkavu, shingo kama ya korongo, na mkewe amemwita Bonge kwa miaka thelathini, hata mbele ya wakwe. Shingo yake ilibadilika rangi kidogo.

"Mama mkwe wako anaitwa nani?" aliuliza, kwa sauti iliyopungua ukali.

"Hilo usiniulize. Hanipendi. Aliniambia nimwite señora tu, kama mgeni anavyomwita bibi wa watu."

"Ni kweli," alisema Gumaro, akiwa bado ameziba masikio. "Mama hampendi mtu yeyote."

Kiganja kikaondoka juu ya kadi.

"Piteni," alisema afisa. "Kesho mkivuka nataka kipande cha keki. Na wewe Bonge, futa hayo mabuti kabla hujamkanyaga."

Watu wa foleni walipiga makofi. Nohemí alichukua kadi yake, akaibusu, akatembea haraka kuelekea mlangoni. Nadhani mmeshapumua. Mmepumua mapema.

Mlango wa kutokea kwenye jengo lile ni geti la chuma linalozunguka, refu kuliko mtu, lenye meno pande zote. Limekwishakula mifuko yangu miwili na mwavuli. Nohemí alipita. Gumaro, aliyekuwa amebeba mkia wa gauni kwa adabu zote za ubwana harusi, alipita nyuma yake. Mkia wenyewe haukupita wote. Geti lilizunguka, kitambaa kikasema kraa, na shanga zikatawanyika sakafuni.

"Msisogee," alisema Gumaro.

Watu wakapiga magoti. Wapishi, wafagiaji, walimu, mama mmoja wa kufulia hotelini mwenye mgongo mbaya, wote chini, wakiokota shanga ndogo kuliko punje ya mchele na kuzitia kwenye kofia ngumu ya Gumaro. Watu waliokuwa wanachelewa kazini, na kuchelewa kwetu sisi wa ng'ambo hakusamehewi, waliinama wakaokota. Hili siandiki kwa mzaha.

Nyingi zilipatikana. Nyingine zilidumbukia kwenye wavu wa maji machafu. Palipochanika palishikika kwa uzi, hilo Nohemí analiweza akiwa amefumba macho. Lakini mkiani palibaki sehemu tupu, upana wa kiganja, peupe na bila aibu.

Walitoka mtaani upepo ukiwasukuma. Wenye maduka walikuwa wakiinua milango ya chuma. Gari moja lilipiga honi, na bibi mmoja aliwabariki kwa vidole kutoka upande wa pili wa barabara.

"Kwa nini umefanya vile?" aliuliza Nohemí. "Wangeweza kukunyang'anya kadi na wewe."

"Miaka minne niko nyuma yako kwenye foleni. Kisogo chako nakijua chote. Nilitaka siku moja nikuone kwa mbele."

"Na umeniona?"

"Nimekuona. Unakunja uso sana."

Alicheka, na hakuwa amepanga kucheka. "Unaitwa nani, Bonge?"

"Gumaro."

"Gumaro, utachelewa kazini."

"Paa halitembei," alisema, akamkabidhi shanga kwenye karatasi ya burrito, akaondoka akiwa amesahau kofia yake mikononi mwa Nohemí.

Saa moja na nusu Nohemí alikuwa ameingia kwa mlango wa nyuma wa duka, amevua gauni, amelitundika, amefuta vumbi na kushona palipochanika. Zilibaki shanga. Alitia uzi kwenye sindano nyembamba, akajaribu. Shanga ya kwanza ilisimama upande. Ya pili ilianguka. Ya tatu ilikaa vizuri na akafurahi, kisha akaona ameishona pamoja na sketi yake mwenyewe.

Alimpigia simu mama yake.

"Zimedondoka, mama. Sehemu ya kiganja."

"Nilikuambia utembee pole pole."

"Ni geti. Niambie nifanyeje."

"Ufanyeje nini? Miaka kumi na tano nakuonyesha na unashika sindano kama unashika jembe." Doña Lala alivuta pumzi. "Kunja mkia, mwambie mteja ndivyo unavyokunjwa siku hizi. Na Elvira asilisogelee hilo gauni akiwa amevaa miwani."

"Elvira? Unamwita kama unamjua."

"Nani asiyemjua," alisema mama, akakata simu.

Nohemí aliitazama simu. Mama yake hajawahi kukata simu kabla ya kumuuliza amekula nini.

Hakuwa na muda wa kuwaza zaidi. Saa mbili Doña Elvira aliingia, futi ya kupimia shingoni, miwani ikining'inia kifuani kwa mnyororo, amenyooka na mtulivu kama siku zote. Ni mwanamke asiyepaza sauti. Waliowahi kufukuzwa naye husema walifika hadi kituo cha basi ndipo walipoelewa kwamba wamefukuzwa.

Saa tatu kamili Marisela aliingia na baridi ya nje, akaona gauni, akaweka mikono mdomoni. Alilivaa. Alipanda kwenye kile kijukwaa mbele ya kioo. Shanga zilishika mwanga kutoka shingoni hadi kiunoni, na binti wa watu akaanza kulia, na Nohemí aliyekuwa ameukunja mkia kwa pini sita alianza kuamini kwamba siku imepita salama.

"Geuka, mwanangu," alisema Doña Elvira.

Marisela akageuka. Pini zikaachia. Mkia ukafunguka wote sakafuni, na kile kiganja cheupe kikawatazama wote watatu.

"Hapa pamekuwaje?" aliuliza Marisela, machozi yakibadilika ladha.

"Hapajakwisha tu," alisema Doña Elvira. Aliinama, akavaa miwani. Aliliangalia lile eneo, kisha akaangalia shanga za jirani yake, kwa karibu sana, akageuza kitambaa na kuangalia upande wa ndani. Alikaa hivyo muda mrefu kuliko inavyohitajika. "Nohemí atapamaliza sasa hivi. Vua gauni, nenda kanywe kahawa hapo kona, urudi baada ya nusu saa."

Marisela akatoka. Kengele ya mlango ikalia. Doña Elvira akaenda mlangoni na kugeuza ufunguo.

"Keti," alisema.

Nohemí akaketi. Doña Elvira akamwekea gauni mapajani, sindano mkononi, na sahani ndogo ya shanga mbele yake. Akavuta kiti cha pili na kukaa goti kwa goti.

"Shona. Nina miaka miwili nasifiwa na mji mzima kwa mkono wako, na sijawahi hata siku moja kukaa nikauangalia ukifanya kazi."

Wasomaji, mnaojua mnachokijua, niambieni mngefanya nini. Nohemí alichukua shanga moja. Ilimponyoka. Akachukua nyingine. Aliona mbele yake foleni, kadi, dirisha, mshahara unaolisha nyumba ya watu wawili, vyote vimening'inia kwenye tundu la sindano. Angeweza kusema anaumwa. Angeweza kusema macho yamemvimba. Asubuhi ile alikuwa amekwishachezea ukweli mara moja na ukamvumilia.

Aliweka sindano chini.

"Mkono unaoutaka hauko hapa, Doña Elvira. Uko Juárez. Shanga zote anashona mama yangu. Magauni nayatoa mimi, nayavusha mimi, na hili la leo nimelivaa mwilini nikavuka nalo darajani. Yeye hana kosa. Ukitaka kunifukuza, nifukuze, ila shanga ni zake na sitaki tena kusifiwa kwa kazi yake."

Alisubiri kuambiwa atoke. Doña Elvira alivua miwani.

"Fundo mara mbili," alisema taratibu, "na ncha ya uzi inafichwa kushoto. Watu wote wanaficha kulia. Unadhani sikuona tangu gauni la kwanza?"

"Ulikuwa unajua?"

"Fundo hilo nimeliona mahali pamoja tu kabla yako. Kwenye gauni langu mwenyewe." Aliongea bila kumtazama, akinyoosha mkia wa gauni kwa kiganja. "Tulikuwa na cherehani mbili kwenye chumba kimoja, mimi na Lala, Juárez, kabla sijavuka. Hakuna niliyempenda kama yeye. Alinishonea shanga miezi mitatu. Nikafika kanisani nimezivaa. Watu wamekaa, padri amesimama, na bwana harusi wangu, Isidro, hakuja. Nikatuma mtu amwite Lala aje anishike mkono. Lala naye hakuja."

Nohemí alilijua jina la Isidro. Limeandikwa kwenye cheti chake cha kuzaliwa, mstari wa baba.

"Sasa sikiliza," alisema Doña Elvira. "Ijumaa, saa sita mchana, mama yako aketi kwenye kiti hiki na amalize gauni hili mbele yangu, kwa mkono wake; Marisela nitamwambia alifuate jioni yake. Miaka ishirini na tano nimeivumilia, siku mbili nitaziweza. Asipokuja, wiki ijayo usijisumbue na foleni. Sitahitaji fundi wa mapindo tu."

"Kadi yake ilikwisha zamani. Hajavuka daraja tangu nizaliwe."

"Najua kwa nini hajavuka."

"Doña Elvira, muonee huruma." Nohemí alikuwa analia sasa na hakujificha. "Kama alikukosea, amelipa. Baba alikufa kabla sijazaliwa. Amenilea peke yake, ameyatoa macho yake kwenye hizi shanga. Kila mwezi wa kumi na moja tunapeleka maua kaburini, na anakaa pale mpaka jua lizame."

Doña Elvira alichukua sindano, akaielekeza dirishani, akapitisha uzi mara moja bila kukosea. Kisha akamtazama Nohemí, na uso wake, ambao mji mzima unauogopa, ulilegea.

"Maua hayo mnampelekea nani, mwanangu? Baba yako alikuwa hapa juzi, ulipotoka kununua uzi. Alikaa kwenye kiti hicho ulichokalia, akaniuliza kama unakula vizuri."